Nishati safi ya Ihanda: udongo nani anauhesabu?

Msomaji, hebu tuanze na mtungi. Ule mdogo wa kilo 6, ambao siku hizi unagawiwa kwenye mikutano ya hadhara huku watu wakipiga makofi. Ukiuliza kijiweni gesi iliyomo imetoka wapi, wengi watakujibu haraka haraka: Mtwara. Sivyo. Gesi ya Mnazi Bay na ile ya Songo Songo kwa sehemu kubwa sana ni methani, na methani haikubali kuwa kimiminika kwa kuibana tu kwenye joto la kawaida. Mpaka uipoze hadi kama nyuzi 162 chini ya sifuri. Kilichomo kwenye mtungi wa jikoni ni propani na butani, ambazo ukizibana kidogo tu zinakubali. Hizo tunaziagiza kwa meli. Zinatokana na visima na viwanda vya kusafisha mafuta huko nje, kwa hiyo ni nishati ya kisukuku kamili, ndugu wa damu wa petroli na dizeli.

Simaanishi usiutumie mtungi wako. Nimeanza hapo kwa sababu ninachotaka kukihakiki leo ni namna tunavyoizungumzia nishati mbadala nchini, na nitaihakiki nikiwa nimesimama sehemu moja: Ihanda, Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Nimeichagua kwa sababu kuna utafiti uliofanyika pale pale, upande wa Chonyonyo, ambao kila mtu anayesema neno "mbadala" angepaswa kuusoma. Utafiti huo una mapungufu yake, na nitayasema. Lakini umeuliza swali ambalo mjadala wetu mkubwa wa kitaifa hauulizi.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034. Lengo lake linajulikana: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sina ugomvi na lengo hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Aliyewahi kuingia jiko la nyasi la mafiga matatu wakati maharage yanachemka, kuni zenyewe zikiwa mbichi, hahitaji takwimu. Kwa mapafu ya mpishi, mtungi ni safi kweli kweli.

Ugomvi wangu ni na hesabu. Kipimo kikuu ni kimoja: watu wangapi wameacha kuni na mkaa. Mkakati unataja njia nyingi, umeme na bayogesi zikiwemo, ila kwa vitendo kilichoonekana zaidi ni mtungi. Kwa hiyo tumefika mahali pa ajabu kidogo. Dunia inahangaika kutoka kwenye nishati ya kisukuku, na kaya ya Ihanda, ambayo haijawahi kupikia kisukuku hata siku moja, ndiyo kwanza inaingizwa humo na inapigiwa makofi.

Sasa, Ihanda inatumia kisukuku wapi? Zunguka nami. Kuna bodaboda. Kuna mashine ya kusaga ya dizeli, pale umeme haujafika au umekatika. Kuna malori ya kahawa, maharage na ndizi yanayoshuka kutoka Kayanga. Zamani kulikuwa na koroboi kila nyumba, na hilo limeondoka karibu lote bila mkakati wowote wenye jalada la rangi: kapaneli kadogo ka sola juu ya bati, taa tatu na chaji ya simu, basi. Nalitaja kwa makusudi, maana ni mfano wetu mzuri kuliko yote wa nishati ya kisukuku kushindwa sokoni kwa sababu mbadala ulikuwa bora na rahisi.

Halafu kuna mfuko wa mbolea, na huo hautajwi kabisa kwenye mazungumzo ya nishati.

Fuatana nami kwenye hesabu hii, si ngumu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Naitrojeni hiyo ilikuwa hewani. Ili kuikamata, kiwanda huiunganisha na haidrojeni kupata amonia, na haidrojeni hiyo kwa kawaida hutolewa kwenye gesi asilia, nchi nyingine kwenye makaa ya mawe. Kilo 23 za naitrojeni zinahitaji kilo 28 hivi za amonia. Kila kilo ya amonia hula nishati ya kama megajuli 30 hadi 40 kiwandani. Zidisha: megajuli 840 hadi 1,120. Gesi ya mtungi ina kama megajuli 46 kwa kilo. Kwa hiyo mfuko mmoja wa urea umebeba nishati ya kisukuku inayolingana na kilo 18 hadi 24 za gesi ya kupikia. Mitungi mitatu mpaka minne ya kilo 6, imelala stoo, na hakuna anayeiona.

Kwa mkulima, basi, swali la nishati na swali la rutuba si maswali mawili. Wazee wa Karagwe walilijua hili kwa njia yao. Kibanja cha migomba kilizunguka nyumba, na kililishwa: samadi ya ng'ombe, nyasi zilizokatwa rweya, majivu ya jikoni, maganda ya ndizi. Rutuba ilisafirishwa kwa mikono kutoka mbali ikaletwa karibu na mlango. Msiri, lile shamba la mbali la mahindi na maharage, lilipata kidogo au halikupata kitu.

Hapo ndipo utafiti ninaousema unapoingia.

Mwaka 2016 Ariane Krause, akiwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, pamoja na Thomas Nehls, Eckhard George na Martin Kaupenjohann, walichapisha kwenye jarida la SOIL matokeo ya jaribio la shambani Karagwe. Makala iko wazi mtandaoni, huhitaji kulipa. Nyuma yake kulikuwa na miradi mitatu iliyofanywa na mashirika ya Karagwe yenyewe, MAVUNO na CHEMA, kwa kushirikiana na wahandisi wa kujitolea wa Ujerumani. Wa kwanza ulikuwa wa mtambo mdogo wa bayogesi unaoweza kulishwa mashina ya migomba. Wa pili ulikuwa wa majiko yanayogeuza kuni kuwa gesi kabla ya kuichoma. Wa tatu ulikuwa wa choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi; kinyesi hupashwa joto kwenye tanuri mpaka vijidudu vife, kisha huozeshwa pamoja na mkaa laini, majivu na taka za shambani. Mboji ya mwisho waliiita CaSa.

Swali lao lilikuwa hili: mabaki ya majiko na vyoo hivi yakirudi shambani, mazao yanafanyaje? Walichukua vitalu vya mita za mraba 9, kila tiba ikarudiwa mara tano, wakapanda mazao saba ya kienyeji kwa kuchanganya. Nimelipenda hilo la kuchanganya. Majaribio mengi ya kilimo hupanda mahindi peke yake kwenye mistari iliyonyooka kama gwaride, halafu mkulima anaambiwa afanye vivyo hivyo nyumbani.

Matokeo ya mahindi nimeyageuza kuwa magunia ya kilo 100 kwa ekari, maana ndiyo lugha tunayoielewa. Udongo usiowekwa kitu ulitoa tani 1.10 kwa hekta, kama magunia manne na nusu kwa ekari. Uliowekwa tope la bayogesi ulitoa tani 2.63, magunia kumi na nusu hivi. Mboji ya kawaida, tani 3.18, karibu magunia 13. Mboji ya CaSa, tani 4.40, karibu magunia 18.

Mara nne! Kabla hujakimbilia choo, subiri kwanza tuone kwa nini.

Udongo wa pale ni andosoli, yaani umetokana na majivu ya volkano. Kwa macho ni udongo mzuri: mweusi, mwepesi, unashika maji. Tatizo lake ni fosforasi. Madini ya alumini na chuma yaliyomo huikamata fosforasi yakaifungia, mmea ukabaki unaizunguka tu kama mtu aliyesahau neno la siri la simu yake. Udongo ukiwa na tindikali, kufuli linakaza zaidi. Jaribio lilionyesha hali hiyo waziwazi: kwa mboji ya CaSa, pH ilipanda kutoka 5.3 hadi 5.9, na fosforasi ambayo mmea unaweza kuifikia ikapanda kutoka miligramu 0.5 hadi 4.4 kwa kilo ya udongo. Kutoka 5.3 hadi 5.9 unaweza kuona ni kidogo, ila kipimo cha pH kinakwenda kwa kuzidisha kumi. Hapo tindikali imepungua karibu mara nne. Urea ingefanya kinyume, kwani mbolea za aina hiyo huongeza tindikali kadiri miaka inavyokwenda.

Kuna tokeo jingine ambalo nadhani ni la maana sana na linapitwa kimya kimya. Hakuna hata tiba moja iliyobadilisha kwa kiasi cha maana uwezo wa udongo kushika maji. Umeshasikia mahubiri ya bayocha, yule mkaa wa kuweka shambani? Huwa tunaambiwa unashika maji kama sponji. Labda kwenye mchanga. Kwenye andosoli ya Karagwe, ambayo tayari inashika maji vizuri, haukuongeza kitu kwa muda waliopima. Mahindi yaliongezeka kwa sababu ya chakula. Watafiti waliandika hivyo bila kupepesa macho, wakati mkaa huo ulikuwa sehemu ya hoja yao. Ndivyo sayansi inavyotakiwa kuandikwa.

Sasa niseme yasiyonipendeza.

La kwanza. Makala inahitimisha kwamba tiba zote zinafaa kuchukua nafasi ya mbolea ya dukani. Lakini asilimia na magunia tunayoonyeshwa yanalinganishwa na udongo usiowekwa kitu chochote. Mkulima anayekata shauri dukani halinganishi na sifuri. Analinganisha na mfuko. Ukitaka kusema "badala ya mbolea ya kiwandani", ipande hapo kando, kitalu kwa kitalu, uone nani anamshinda nani.

La pili. Mboji ya CaSa inatofautiana na mboji ya kawaida kwa mambo zaidi ya moja kwa wakati mmoja: ina mkaa na ina kinyesi. Iliposhinda, kipi kilishinda? Nikiutazama ule ukuaji wa fosforasi nashawishika kusema ni kinyesi na majivu, na mkaa ulikuwa abiria. Lakini mpangilio wa jaribio hauniruhusu kuapa. Kwa mpishi wa Ihanda hili si swali la kitabuni, na nitaeleza kwa nini hivi punde.

La tatu, na ndilo zito. Waandishi wenyewe wanakiri kwamba bado kuna kazi ya kulinganisha kinachoingia na kinachotoka kwenye shamba zima. Tufanye hiyo hesabu kwa ukubwa wake tu. Kwa vyakula vya ukanda wetu, mtu mmoja hutoa chooni fosforasi ya kama kilo 0.4 kwa mwaka, mkojo na kinyesi pamoja. Familia ya watu sita: kilo 2.4. Punje za mahindi zina kama asilimia 0.3 ya fosforasi, yaani gunia moja linaondoka na gramu 300. Magunia 18 yanaondoka na zaidi ya kilo 5. Kwa hiyo choo cha familia, kikitumiwa vizuri mwaka mzima bila kupoteza hata tone, kinarudisha fosforasi ya mavuno ya msimu mmoja kwenye nusu ekari tu. Karagwe ina misimu miwili ya mvua. Na mahindi yaliyouzwa yamekwenda mjini na fosforasi yake, ikaishia kwenye vyoo vya watu wengine.

Hii haiui wazo. Nusu ekari ya uhakika ni chakula cha watu. Inaua tu ule usemi wa semina kwamba "mzunguko umefungwa". Haujafungwa. Umepunguzwa tundu.

Turudi kwenye nishati, tuanze na bayogesi, kipenzi cha kila mfadhili. Tanzania ina historia ndefu na bayogesi. CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikijenga mitambo ya kuba tangu miaka ya 1980, na maelfu ya kaya wanayo. Kama kaya inataka kupika kila siku, maharage yakiwemo, tuseme inahitaji mita moja na nusu ya ujazo ya gesi. Kilo 25 za samadi mbichi hutoa kama mita moja. Kwa hiyo kilo 35 hadi 40 za samadi kila siku, mavi ya ng'ombe wawili wa maziwa wanaofugwa ndani. Ng'ombe wa kienyeji anayeshinda malishoni, mavi yake mengi yanabaki huko huko.

Ila ng'ombe si tatizo kubwa kuliko yote. Samadi huchanganywa na maji kiasi kile kile. Ndoo mbili za lita 20, kila siku ya Mungu, Juni na Julai zikiwemo. Nani anayabeba? Yule yule aliyekuwa anabeba kuni. Ukimtua mama mzigo wa kuni ukamtwisha ndoo mbili za maji mpaka mlimani, kwenye ripoti umeandika "kaya moja imehamia nishati safi", na kwenye shingo yake hakuna kilichohama.

Ndiyo maana wazo la mashina ya migomba linanivutia kuliko linavyoonekana. Shina la mgomba lina maji zaidi ya asilimia 90. Mgomba ukikatwa ndizi, shina lake linabaki palepale kwenye kibanja, umbali wa hatua chache kutoka mlangoni. Yaani unalisha mtambo kwa kitu kinachokuja na maji yake. Gharama yake ni kwamba lazima ukatekate vipande vidogo, nyuzi zinaziba, na mtambo unataka mwangalizi mwenye subira. Tena shina hilo lilikuwa na kazi: lilikuwa linaoza pale pale kuwalisha migomba wenzake. Tope likirudi kibanjani, sawa. Tope likiachwa limwagike bondeni kwa sababu ni zito na hakuna toroli, umehamisha rutuba ya kibanja ukaipeleka mtoni. Na kuba likiwa na ufa, methani inayotoroka hupasha dunia joto kama mara 27 hadi 30 kuliko kaboni dayoksaidi, kilo kwa kilo, ndani ya miaka 100.

Kumbuka pia kwamba tope la bayogesi ndilo lililotoa mahindi machache kuliko tiba nyingine mbili. Machache, ila bado zaidi ya mara mbili ya sifuri.

Jiko la kugeuza kuni kuwa gesi ni kitu kingine. Unajaza vijiti au pumba za mbao, unawasha kwa juu, moto unashuka taratibu. Kuni zinapata hewa kidogo, hazichomeki kabisa. Zinatoa gesi, na gesi ndiyo inayowaka juu, ikikutana na hewa ya pili iliyopita kati ya kuta mbili za jiko na kupata moto njiani. Moshi unapungua sana kwa sababu moshi ndiyo mafuta yenyewe. Chini kunabaki mkaa.

Naomba nichepuke kidogo. Kupasha hewa joto kabla haijafika kwenye moto si jambo geni Kagera. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science kwamba wafua chuma wa Buhaya, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, waliingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kukutana na mkaa. Wataalamu wengine waliwapinga, na ubishi ulikuwa mrefu. Wahunzi wa Karagwe nao walisifika. Ninachosema ni kwamba anayekuja kumfundisha mtu wa Kagera habari za moto na hewa aje na adabu kidogo.

Sasa ule mkaa unaobaki chini ya jiko. Mfumo mzuri wa kwenye makala unataka uchanganywe kwenye mboji na kuzikwa shambani. Lakini mkaa ni pesa. Unaweza kuupikia chai kesho asubuhi au kumuuzia jirani. Hapa ndipo lile swali la kipi kilishinda, mkaa au kinyesi, linapogeuka kuwa la jikoni. Kama mkaa ndio uliofanya kazi, tuna haki ya kumwomba mama azike kitu anachoweza kukiuza. Kama ni kinyesi na majivu, basi tumwache aupikie mkaa wake, tuzike majivu. Jaribio la pili lenye vitalu viwili zaidi lingetujibu. Mpaka hapo, kumwambia mtu afukie hela ardhini kwa imani tu si ushauri wa kitaalamu.

Umeme je? Ndiyo, na hapa naona njaa yetu ya mtungi imetufanya tusitazame kilicho karibu. Kwa miaka mingi Kagera ilipata umeme kutoka Uganda. Sasa mto Kagera wenyewe unazalisha: Rusumo, wilayani Ngara, megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na Kikagati–Murongo, mpakani mwa Uganda na Kyerwa, megawati 14. Haya ni maji tu yanayoteremka. Na maharage, ambayo ndiyo mlaji mkuu wa kuni Karagwe, yanaiva kwenye sufuria ya umeme ya mgandamizo kwa kama nusu uniti, mara nyingi pungufu. Mteja mdogo wa TANESCO asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Sufuria ya maharage kwa bei ya pipi. Kikwazo ni bei ya sufuria yenyewe, umeme kukatika, na nyaya za nyumba nyingi zilizofungwa kwa ajili ya taa na simu. Hayo yote ni rahisi kuyarekebisha kuliko kusafirisha propani zaidi ya kilometa elfu moja kutoka bandarini kwa lori la dizeli.

Umeme hauachi majivu wala tope. Mtu wa udongo anaweza kulalamika, lakini kwa maoni yangu huo ni uzuri wake: kwa kuwa hauchukui kitu kibanjani, mashina, samadi na maganda yote yanabaki kuwa mboji. Na mboji ya kawaida, isiyo na tanuri wala mkaa wala ujasiri wowote wa chooni, ilitoa karibu magunia 13 pale ambapo udongo mtupu ulitoa manne na nusu.

Kwa hiyo kama unasoma uzamili wa sayansi ya udongo, au wa nishati, na msimamizi wako anakusumbua kuhusu mada, chukua hii bure. Kaya ishirini za Ihanda, misimu minne. Nusu wapewe sufuria za umeme, nusu majiko ya kugeuza kuni kuwa gesi. Ndani ya kila kundi, wengine wazike mkaa au majivu na wengine wasizike, na kila kaya iwe na kitalu kimoja cha mbolea ya dukani pembeni. Pima moshi, pima ndoo za maji, pima magunia, pima fosforasi. Na mwanzoni kabisa, kabla hujafunga vifaa vyako, mwulize anayepika ni mzigo gani angependa kuutua kwanza.